Injini Hubaki, Bodi Huliwa: Historia ya Gari la Dizeli Lililotumika Unionville

Unionville ni kijiji cha zamani kilichomezwa na jiji la Markham, kama kilomita 30 kaskazini mashariki ya katikati ya Toronto, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada. Walowezi wa Kijerumani walioongozwa na William Berczy walifika Markham mwaka 1794. Jina la kijiji lilitokana na kinu cha unga kilichoitwa Union Mills. Na reli ya Toronto na Nipissing ilipofika mwaka 1871, wakulima wa ngano walipata njia ya kupeleka mazao yao mjini. Hata chombo cha kubebea familia kilikuwa kazi ya mikono ya wenyeji, kwa kuwa karakana ya Speight, katika kijiji jirani cha Markham, ilijipatia sifa katika karne ya 19 kwa magari yake ya kukokotwa na farasi. Mashamba hayo yaligeuka mitaa ya makazi kwa kasi kubwa: mwaka 1971 Markham nzima ilikuwa na watu wasiofika 40,000, na sensa ya 2021 ilihesabu 338,503. Katika mitaa hiyo mipya, ambako shule, duka na uwanja wa mchezo wa magongo ya barafu viko mbali kwa miguu, gari la familia lilikuwa la lazima, na kwa wasiotaka kutoa bei ya gari jipya lilikuwa lile lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Miongoni mwa wanunuzi hao lilikuwako daima kundi dogo lenye msimamo, la watu waliotaka dizeli na si petroli. Swali lao, kwamba kati ya magari mawili ya dizeli yaliyotumika ni lipi litakalodumu na lipi linalostahili bei yake, lina historia ya karibu nusu karne, na katika kila kipindi cha historia hiyo jibu lilitoka nje ya injini yenyewe: katika chumvi ya barabarani, katika mafuta ya kituoni, katika safari za kila siku na katika karatasi za serikali.

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuiendesha ipasavyo mwaka 1897. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni hukandamiza hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha nozeli hupuliza mafuta ndani ya silinda nayo yakawaka yenyewe. Ili istahimili mkandamizo huo ni lazima bloku, pistoni na mtaimbo wake viwe vizito na imara, na uimara huo ndio asili ya sifa yake ya kuishi miaka mingi. Mercedes-Benz ilitoa gari la abiria la dizeli, 260 D, mwaka 1936, lakini kwa Markham ya wakulima dizeli ilibaki kuwa injini ya trekta na lori hadi bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973. Baada ya hapo Volkswagen ilileta Amerika ya Kaskazini Rabbit ya dizeli, mfano wa mwaka 1977, yenye injini ya lita 1.5 na nguvu za farasi 48, ambayo ilipanda vilima kwa kujikongoja lakini ilikwenda mbali kwa mafuta kidogo. Baadaye kodi nayo ilikuja kusaidia. Kwa miaka mingi serikali ya Kanada ilitoza senti 10 kwa kila lita ya petroli na senti 4 tu kwa lita ya dizeli, na mkoa wa Ontario ulitoza senti 14.7 kwa petroli dhidi ya 14.3 kwa dizeli.

Uchaguzi wa kwanza wa kweli, yaani wa magari mawili makubwa ya kutosha familia nzima, ulijitokeza katika miaka ya 1980, magari ya miaka ya mwishoni mwa 1970 yalipoanza kubadili mikono. Upande mmoja kulikuwa na Oldsmobile ya kampuni ya General Motors, ambayo ina mizizi mirefu Ontario kwa sababu ya viwanda vyake vya Oshawa. Injini yake ya dizeli ya silinda nane na lita 5.7, iliyouzwa kuanzia mfano wa 1978 hadi 1985, ilipatikana hata kwenye stesheni wagoni, yaani gari refu ambalo paa lake huendelea moja kwa moja hadi juu ya buti. Ilikuwa na nafasi na starehe, na bei yake ilishuka upesi sana mara ilipotumika, jambo ambalo kwa mnunuzi asiyejua lilionekana kuwa bahati. Wahandisi walikuwa wameurithi mpangilio wa bolti za silinda hedi kutoka kwa injini ya petroli ya ukubwa uleule, na bolti hizo hazikutosha kuushika mkandamizo wa dizeli. Zilinyooka, gasketi ikaungua, maji ya kupoza yakaingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayakandamiziki kama hewa, injini ikavunjika kwa mpigo mmoja. Mfumo wa mafuta haukuwekewa kichujio cha kutenganisha maji, hivyo unyevu uliokuwamo katika dizeli ya wakati ule ulikula pampu na nozeli. Mafundi wengi nao walikuwa wa petroli: walipobadilisha gasketi walizirudisha bolti zilezile zilizokwisha kunyooka, na gari likarudi gereji baada ya miezi michache.

Upande wa pili kulikuwa na Mercedes-Benz za namba W123, zilizotengenezwa tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980: 240 D yenye silinda nne na 300 D yenye silinda tano, pamoja na stesheni wagoni yake 300 TD, ambayo Amerika ya Kaskazini iliipata na tabo kuanzia mfano wa 1981. Bloku yake ni ya chuma cha kumimina, pampu yake ya nozeli huendeshwa kwa mnyororo bila kompyuta yoyote, na fundi mwenye subira aliweza kurekebisha vali zake kwa spana na geji ya unene. Bei yake hata ikiwa kuukuu ilikuwa kubwa kuliko ya Oldsmobile changa, na hapo ndipo familia iliposita. Kwa hesabu ya injini peke yake hapakuwa na haja ya kusita hata kidogo.

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anaijua hesabu hiyo kwa njia nyingine. Kwake jina la gari la familia lisilokufa lilikuwa Peugeot: 404, ambayo Bert Shankland wa Tanzania aliendesha na kushinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, kisha 504, ambayo stesheni wagoni yake yenye safu tatu za viti ilibeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya hata neno Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Kanada nayo iliifahamu 404, kwa kuwa kuanzia mwaka 1965 iliunganishwa katika kiwanda cha Saint-Bruno, mkoani Quebec, kilichojulikana kwa kifupi kama SOMA, jina ambalo Mswahili angelichukua kama amri ya mwalimu. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki gari la namna hiyo hufa injini kwanza: vumbi huingia, pistoni hulika, injini hufunguliwa, huchongwa na kufungwa upya mara mbili au tatu, na bodi ikabaki ileile. Ontario mambo ni kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichomponza mnunuzi wa Mercedes.

Kila majira ya baridi manispaa za Ontario humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji hayo ya chumvi hurushwa na tairi hadi kila upenyo wa tumbo la gari. Mercedes ya W123 iliyokuwa na injini ya kwenda kilomita laki tano iliweza kuonekana safi barazani, rangi inang'aa na viti havina hata mkunjo, ilhali chini ya zulia sakafu imekuwa kama mkate mkavu. Mnunuzi mzoefu alipiga magoti kabla ya kufungua boneti. Aliingiza ncha ya bisibisi kwenye mashimo manne ya jeki yaliyo chini ya milango, akasikiliza kama chuma kinalia au kinafikicha. Akainua zulia la buti na kutazama pale springi za nyuma zinapokaa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mlango, mahali ambapo kutu huanza kama mapele madogo chini ya rangi. Dawa ya wenyeji ni kupulizia gari mafuta ya kuzuia kutu kila mwaka, kabla ya theluji, kupitia matundu yanayotobolewa kwenye milango na kuzibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Vifuniko hivyo kwenye ubavu wa mlango, na madoa meusi ya mafuta kwenye saruji mbele ya nyumba, vilimweleza mnunuzi habari za mwenye gari kuliko maneno yake yote. Kati ya 300 TD mbili, ile yenye kilomita nyingi zaidi lakini tumbo zima ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu kwa maana halisi ya unafuu.

Baridi yenyewe ilileta mtihani mwingine. Dizeli ina nta ndani yake, na joto likishuka sana nta hiyo huganda na kuziba kichujio. Kwa hiyo vituo vya Ontario huuza dizeli ya majira ya baridi iliyochanganywa ili isigande upesi. Injini nayo, ambayo hutegemea joto la hewa iliyokandamizwa, hukataa kuwaka ikiwa bloku imepoa mno, hata kama hita plagi zake, vijiti vidogo vya umeme vinavyopasha chumba cha kuchomea mafuta, ni vizima. Ndiyo sababu dizeli nyingi za huko hufungwa hita ya bloku inayochomekwa kwenye umeme wa nyumba usiku kucha, na waya wake huning'inia mbele ya gari kama ulimi. Waya uliochakaa ulikuwa dalili njema: ulionyesha kwamba injini haikulazimishwa kuwaka ikiwa baridi.

Katikati ya miaka ya 1990 Volkswagen ilianza kuuza Amerika ya Kaskazini injini zake za TDI, ambazo nozeli zake hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na tabo husukuma hewa, na Wakanada walizipokea kwa moyo kuliko majirani zao wa Marekani. Miaka kumi baadaye magari hayo yalipofika kwenye soko la yaliyotumika, familia iliyotaka stesheni wagoni ilikuwa na mawili ya kupima: Jetta ya lita 1.9, na Passat ya lita 2.0 ya miaka ya 2004 na 2005. Passat ilikuwa pana zaidi, kimya zaidi na yenye nguvu za farasi 134, hali Jetta ya kabla ya 2004 ilikuwa na 90 tu. Kwa macho ya mzazi mwenye watoto watatu Passat ilikuwa imeshinda kabla ya mizani kutulia.

Lakini ndani ya injini hiyo ya Passat kulikuwa na mitaimbo ya kusawazisha mtikisiko, na pampu ya oili iliendeshwa kupitia hapohapo. Mnyororo wake ulilegea, au kijiti chenye pembe sita kinachoizungusha pampu kikalika taratibu mpaka kikawa mviringo, na siku kilipoteleza oili ilikoma kupanda na injini ikafa ndani ya dakika chache, mara nyingi bila kelele ya kuonya. Jetta ya lita 1.9 haikuwa na mtego huo. Injini ya ile ya kabla ya 2004 mafundi waliijua kwa herufi zake, ALH, na kosa lake kubwa lilikuwa masizi yaliyoganda kwenye njia ya kuingizia hewa mpaka tundu la upana wa yai likabaki la kupitisha kidole, kazi ya kuchosha lakini ya kusafisha tu. Nusu ya jibu iliyobaki ilikuwa kwenye gia. Jetta ya gia za mkono iliendelea kwenda, ilhali gia zake otomatiki za hatua nne zilikuwa na sifa mbaya ya kuharibika kabla injini haijachoka. Na katika zote mbili, taimingi belti, ule mkanda wa mpira unaooanisha pistoni na vali, ukikatika vali hugongana na pistoni na hedi nzima huharibika. Hivyo risiti ya kubadilishwa kwa mkanda, yenye tarehe na kilomita, ilikuwa na thamani ya fedha taslimu mezani.

Mwaka 2006 Kanada ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli ya barabarani hadi sehemu 15 kwa milioni, kutoka 500 za awali. Salfa kidogo iliwezesha vichujio vya masizi, ambavyo salfa nyingi ingeviua, na masharti mapya ya moshi yakavilazimisha. Volkswagen haikuwa na Jetta ya dizeli sokoni kwa mifano ya 2007 na 2008. Iliporudi, mfano wa 2009, ilikuwa na injini ya lita 2.0, nguvu za farasi 140 na pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa mno. Kutokana na injini hiyo familia za Unionville zilipata jozi ya tatu na ya mwisho: stesheni wagoni iliyoitwa Kanada Golf Wagon, iliyoundwa Puebla nchini Mexico, na Passat mpya ya kuanzia mfano wa 2012, iliyoundwa Chattanooga, Tennessee, yenye viti vya nyuma ambavyo mtu mrefu aliweza kuvikalia na miguu yake yote. Golf ilinasa oksidi za nitrojeni, yaani gesi za sumu zinazozaliwa na joto kali la dizeli, kwenye mtego ndani ya ekzosi. Passat ilipulizia kimiminika cha urea kutoka tangi la pekee, ambalo mwenye gari alipaswa kulijaza. Zote mbili zilikuwa na pampu ambayo ikilika ilimwaga vipande vya chuma katika mfumo mzima wa mafuta, na gharama ya kuubadilisha ilitosha kununua gari jingine dogo.

Tofauti iliyowapata wengi bila kutarajia haikuwa kati ya Golf na Passat bali kati ya safari na safari. Kichujio cha masizi hujisafisha kwa kuyachoma, na ili yaungue ni lazima ekzosi ipate joto kali kwa muda, kama inavyokuwa kwenye mwendo mrefu wa barabara kuu. Aliyeamka kila siku akaingia Barabara Kuu ya 407, ile ya kulipia iliyoanza kufunguliwa mwaka 1997 na inayopita kusini mwa Unionville, alikitunza kichujio bila kujua. Aliyeacha gari kwenye stesheni ya treni za GO ya Unionville, iliyofunguliwa mwaka 1991, akapanda treni hadi mjini, alilipeleka gari lake kilomita chache asubuhi na chache jioni, likizimwa kabla halijapata moto. Mwenzi wake akalitumia kupeleka watoto kwenye uwanja wa barafu na kurudi. Gari la huyu wa pili lilikuwa na kilomita chache kwenye dashibodi na kichujio kilichojaa. Kanuni iliyorithiwa tangu zama za petroli, kwamba kilomita chache ni afya, hapa ilidanganya.

Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani liliituhumu Volkswagen hadharani kwa kuficha ndani ya kompyuta za magari haya programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi na kupunguza sumu wakati huo tu. Kanada, magari kama 105,000 ya lita 2.0 yalihusika. Mapatano yaliyotangazwa Desemba 2016 na kuidhinishwa na mahakama za Ontario na Quebec mwaka uliofuata, ya hadi dola za Kanada bilioni 2.1, yaliwapa wenye magari hiari ya kuyarudisha kwa bei ya kabla ya kashfa au kuyaacha yafanyiwe marekebisho, pamoja na fidia ya kati ya dola 5,100 na 8,000. Januari 2020 kampuni ilikiri makosa 60 mbele ya mahakama mjini Toronto na kutozwa faini ya dola milioni 196.5. Kwa mnunuzi wa gari lililotumika matokeo yalikuwa ya ajabu: magari yaliyorudishwa, yakarekebishwa na kuuzwa tena, yalikuja na dhamana ndefu ya mfumo wa moshi, na dhamana hiyo ilifunika baadhi ya vile vifaa vilivyokuwa vikiwafilisi wenye dizeli. Gari lililokuwa limeaibika likawa, kwa miaka michache, salama kuliko lilivyowahi kuwa. Sharti lake moja lilikuwa kuwepo kwa kumbukumbu za marekebisho, na hapo Golf isiyorekebishwa, iliyosifiwa na muuzaji kwamba bado ina nguvu zake zote, ilikuwa kweli na nguvu zote na haikuwa na dhamana hiyo.

Karatasi za namna hiyo zina historia yao. Phil Edmonston, aliyeanzisha chama cha kuwatetea wanunuzi wa magari mjini Montreal mwaka 1968, alichapisha kwa miongo kadhaa vitabu vya Lemon-Aid, ambavyo jina lake linacheza na limau, neno ambalo Wakanada hulitumia kuliita gari bovu tangu kiwandani, tofauti na mkweche, ambao umechoka kwa haki. Ontario iliunda mwaka 1997 baraza la kusimamia wauzaji, OMVIC, na muuzaji binafsi hutakiwa kumpa mnunuzi bahasha ya serikali yenye orodha ya waliowahi kulimiliki gari mkoani na madeni yaliyolifunga. Cheti cha usalama wa gari hudumu siku 36 na huhusu breki, taa, usukani na mfano wa hayo. Hakisemi neno juu ya kichujio cha masizi wala mkanda wa taimingi, ingawa wauzaji wengi hukitaja kana kwamba kimesema.

Tangu Julai 2022 Ontario inatoza senti 9 kwa lita, ya petroli na ya dizeli sawasawa, na Volkswagen haiuzi tena gari la abiria la dizeli nchini humo. Magari ya jozi ile ya tatu yangali yanabadili mikono kwenye vijia vya saruji vya Markham, nyaya za hita zikining'inia, na anayekuja kuyatazama huanza bado kwa kupiga magoti kando ya mlango, bisibisi mkononi, kabla hajauliza risiti ya mkanda.